Kaari na Chumba cha Upande wa Bahari

Kaari nilisoma naye hapa Runyenjes hadi darasa la saba. Mimi nilienda kujifunza ushonaji, yeye akabaki kuchuma kahawa kwa baba yake. Kwa miaka minne nilipita na baiskeli kwenye lango lao kila Jumapili, maneno yangu nikiwa nimeyapanga tangu nyumbani. Nilikuwa nikisalimia tu, kisha napita. Mwaka wa tano Mwalimu Mithika akaletwa shule yetu kutoka Kibirichia, kule Meru. Yeye hakupita. Aliingia, akaketi, akaomba uji. Kabla mwaka haujaisha, wazee wa kwao walikuwa wameleta mbuzi wa mahari.

Kaari hakuwa mtu wa maneno mengi. Alilea watoto watatu na miche elfu moja ya kahawa. Siku moja aliteleza kwenye ngazi za kiwanda akiwa na gunia mgongoni, na tangu hapo goti lake moja halikukunjika vizuri. Nguo zake zote nilishona mimi. Vipimo vyake navijua bila futi. Mwalimu, ukimwuliza, hajui hata mkewe anavaa kiatu namba gani.

Binti yao wa kwanza, Makandi, ni muuguzi huko Norwei. Mwaka mmoja aliamua kuwapeleka wazazi wake safari ya meli, siku sita, kutoka kusini mwa nchi ile hadi kule juu kabisa ambako jua la Juni halizami. Wangerudi kwa ndege. Kaari alikuja kwenye duka langu la ushonaji na koti la mtumba ili nilitie bitana nzito. Mwalimu alimfuata, amebeba kitabu cha picha za meli kama anabeba Biblia.

"Fundi, umewahi kuona meli?" akaniuliza.

"Kwa picha, Mwalimu."

"Basi tazama vizuri. Hii kubwa ina orofa kumi na bwawa la kuogelea."

"Na nani ataogelea?" Kaari akasema. "Wewe ambaye mto Thuci unauvuka kwa woga ukishikilia wasichana wa shule?"

Nilicheka kidogo. Kaari alionyesha meli nyingine, ndogo, inayobeba barua na mizigo na kusimama kila kijiji. "Mimi nataka hii. Nione watu wakishusha mizigo yao, nione wanapanda nini."

Mwalimu alinung'unika, halafu akakubali. Mimi nilifurahi kana kwamba Kaari amenichagua mimi.

Ikabaki chumba. Makandi alikuwa ameandika kwa simu kwamba meli itaelekea kaskazini, nchi kavu na milima vikiwa upande wa mashariki, basi wachague dirisha la kulia au la kushoto, kwa maana vyumba vinaisha.

"Kwa nini asichague yeye?" nikauliza.

"Sichaguliwi kitanda na mtoto niliyemfundisha kusoma," Mwalimu akasema.

Kaari akagusa goti lake. "Mimi nataka tu dirisha lenye milima. Sitaweza kupanda ngazi kila saa. Nataka kuiona nikiwa kitandani."

Mwalimu alisimama katikati ya duka, akafumba macho, akanyoosha mikono. "Kaskazini ni kupanda juu, sivyo? Na kupanda ni kuelekea mlimani. Mimi nimekua nikipanda kuelekea mlimani tangu nikichunga ng'ombe. Jua linachomoza mkono huu." Akatikisa mkono wa kushoto. "Mashariki ni kushoto. Tunachukua kushoto."

Nilijua kosa lake papo hapo. Kibirichia iko ng'ambo ya mlima, upande wa kaskazini. Mtu wa huko akipanda mlimani anaelekea kusini, na kweli jua linamtokea kushoto. Sisi wa huku Embu, kusini mwa mlima, tukipanda tunaelekea kaskazini, na jua liko kulia. Hata ramani iliyokuwa ukutani darasani kwetu ilisema hivyo.

Kaari alinigeukia. "Naftaly, wewe unaonaje?"

Kama angeniuliza tukiwa wawili, labda ningesema. Lakini nilimwona Mwalimu kwenye ile meli, siku sita, akitazama maji matupu na kuambiwa na mkewe kwamba ni yeye aliyechagua. Nilitamani sana siku hizo sita zimfike. Nikainamisha kichwa kwenye bitana.

"Mwalimu ndiye amesoma," nikasema.

Akatuma ujumbe pale pale.

Walirudi Julai. Kaari alikuja dukani siku ya soko, nikamwuliza kama aliona milima. Nilingoja amlaumu Mwalimu.

"Dirishani tuliona bahari tu," akasema akicheka. "Mwalimu aliaibika siku ya kwanza, hakula. Siku ya pili akanishika mkono, akanipandisha ngazi moja moja, akaniwekea kiti nje upande wa pili, akanifunika miguu kwa blanketi. Kila asubuhi, Naftaly, na kila jioni! Watu wale walidhani tumeoana jana. Kwa miaka thelathini hajawahi kunishika mkono. Kama chumba kingekuwa upande ule wenye milima, si angelala tu na kunikoromea?"

Nilimwuliza kama koti lilimfaa. Akasema lilimfaa.

"Mama Makandi, twende!" Mwalimu aliita kutoka barabarani.

Hapa kwetu watu wa rika letu hawashikani mikono sokoni. Mume hutangulia, mke hufuata na kikapu. Mwalimu alichukua kikapu, akamtolea mkewe kiwiko, na Kaari akakishika mbele ya wauza ndizi wote. Mmoja akapiga kigelegele. Wengine wakacheka, na Kaari akacheka nao, hakukiachia.

Niliingia ndani kabla hawajafika kwenye kona.