Nguo Isiyo na Akiba

Jina la Vipande alibandikwa na wifi yake, dada wa mumewe, na likamganda. Kisa chake hakikuwa kikubwa. Wakati huo alikuwa fundi katika duka la ushonaji la huyo wifi, na kila jioni, wenzake wakishafunika cherehani zao, yeye aliinama chini ya meza ya kukatia akaokota mabaki ya vitambaa. Yasipookotwa yalifagiliwa na kuchomwa nyuma ya duka. Yeye aliyaunganisha akatoa mito, mikoba, hata blanketi za watoto wachanga.

"Wewe ukifa tutakuzika na matambara yako," wifi alizoea kumwambia, na mafundi wote wakacheka, naye akacheka nao.

Kicheko kikaisha siku moja duka likiwa limejaa wateja. Wifi alimpokonya mfuko begani, akaukung'uta sakafuni. "Ndiyo maana vitambaa vya watu havitoshi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Kumbe mwizi tunaye humu humu." Pale chini palikuwa na mabaki ya upana wa kiganja, hata kofia ya mtoto hayatoi. Lakini nani aliinama kuyatazama? Wateja walimtazama yeye. Vipande aliondoka bila hata kuchukua mkasi wake, na mumewe alipopata habari alijikuna kichwa.

"Dada yangu hasira zake ziko karibu," alisema. "Yapotezee, mke wangu."

Hakuyapotezea. Aliyaweka kiporo.

Chuo cha ufundi cha mtaa wa pili kilikuwa kimeanzisha kozi ya ubunifu wa mavazi yasiyoharibu mazingira, na Vipande akajiandikisha, mama mtu mzima katikati ya wasichana wa kuwazaa mwenyewe. Siku ya kwanza mwalimu, mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliwauliza kila mmoja kilichomleta. Mmoja alitaja mito inayotiwa sumu na rangi za viwandani. Mwingine alitaja milima ya nguo zinazotupwa zikiwa bado nzima. Zamu yake ilipofika, Vipande alisema, "Napenda mazingira," akakaa. Uongo mtupu. Wenzake waliisomea dunia, yeye alimsomea wifi yake.

Ila kinyongo kina faida moja, hakimwachi mtu asinzie darasani. Alijifunza kupika rangi kwa maganda ya vitunguu, kuitambua pamba halisi kwa harufu ya uzi unaoungua, na kuokoa nguo iliyobana kwa kupachika ukanda wa kitambaa kuanzia kwapani hadi kwenye pindo. Kilichomteka zaidi kilikuwa mkato usioacha mabaki. Unapanga pateni za karatasi juu ya kitambaa zikikumbatiana, bonde la kwapa linazaa kola, ncha ya mkono inazaa mfuko, na ukimaliza kukata hakidondoki hata kipande cha kufutia vumbi. Lakini mkato huo una masharti yake. Ndani ya mishono hakubaki akiba ya kitambaa, kwa hiyo nguo ikibana huwezi kuifumua ukaiachia. Kitambaa ni lazima kwanza kilowekwe na kukaushwa, kirudi na kufupika kadiri kinavyotaka, ndipo ukiguse kwa mkasi. "Loweka kwanza," mwalimu alirudia kila kukicha, mpaka wasichana wakawa wanamwigiza akigeuka.

Kazi yake ya kumalizia masomo ilikuwa gauni la kazini la pamba, lenye mifuko mipana na mkanda wa kiunoni. Mwalimu alilisifu bila kumung'unya maneno. Wakati huo huo hoteli moja kubwa ilitangaza kwamba inataka sare za wafanyakazi zilizokatwa kwa namna hiyo, na mafundi wapeleke sampuli. Vipande akaanza kuota ndoto za mchana.

Ndipo wifi akaja nyumbani, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, mdomo umejaa asali. "Wifi yangu, hongera. Niazime hilo gauni nikawaonyeshe mafundi wangu."

Vipande hajafungua kinywa, mumewe alishalitoa kwenye msumari na kumkabidhi dada yake. Lilirudi baada ya siku chache likiwa limepigwa pasi vizuri sana. Vipande aliligeuza ndani nje akaona mishono si yake. Lilikuwa limefumuliwa lote, likachorwa pateni, likashonwa upya. Na kazi ya hoteli akapewa wifi.

Angalau huyo mama alikuwa na uso wa kurudi. "Usinikasirikie, kazi ni kazi," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Hebu niambie, kuna chochote nisichokijua kwenye mkato ule?"

Dukani kwake kitambaa kilitoka kwenye robota kikaingia mkasini. Kufua lilikuwa jambo la mteja. Neno moja tu lilihitajika, na Vipande alilihisi limeshafika kwenye ncha ya ulimi.

"Hakuna, wifi," alisema. "Umeshaona yote."

Akalimeza neno lile, na lilikuwa tamu.

Sare zilifuliwa mara moja tu kwenye maji ya moto ya hoteli, zikarudi dukani ndani ya magunia. Mikono ilikuwa imepanda, vifungo havikutani, mwanamke mwembamba kabisa akiivaa moja hapumui. Hoteli ilitaka zirekebishwe haraka, la sivyo itatangaza kila mahali kwamba duka lile ni la wababaishaji.

"Ni damu yangu," mumewe alimsihi. "Nenda ukamsaidie."

"Nitakwenda. Ila kwanza aseme mbele ya wateja kwamba sikumwibia."

Alikwenda asubuhi, duka likiwa limefurika, na dawa ya zile sare alikuwa nayo kichwani: ukanda, kwapani hadi kwenye pindo. Nia yake ilikuwa safi, au tuseme ilikuwa imefuliwa ikabaki doa dogo. Wifi alisimama, akakohoa.

"Jamani, huyu nilimwita mwizi humu ndani. Hakuiba kitu."

Wateja wakamtazama tena, na safari hii Vipande aliwatazama na wao. Kifua kikamfunguka. Ungemwomba chochote dakika ile angekupa.

Wifi akamsogelea, akashusha sauti, akidhani anaongeza sukari. "Na kusema kweli hata siku ile nilijua hukuiba. Wateja walikuwa wakiingia wanakuulizia wewe, mimi hawanioni. Ningefanyaje? Ndiyo yamekwisha hayo. Haya, tuanzie wapi?"

Vipande alivuta sare moja guniani, akaigeuza, akapitisha kidole gumba taratibu kwenye mshono mzima.

"Hapa hakuna akiba," alisema.

"Najua hakuna. Kwa hiyo tunafanyaje?"

"Hakuna la kufanya. Ningekuwa na dawa, ningekunyima wewe, wifi?"

Wifi alikaa juu ya magunia, na mafundi wakaacha kukanyaga cherehani. Nje, mumewe alikuwa akimsubiri, ameegemea ukuta.

"Zinatengenezeka?"

"Hapana," Vipande alisema. "Twende nyumbani, nina njaa."