Moto wa Modeste Bila Ini

Mwaka mmoja baada ya kumzika mumewe, Alfonsine aliwasha moto nyuma ya nyumba ili amlishe marehemu, kama wafanyavyo Wadene wenzake, wenyeji wa asili wa kando ya Ziwa Athabasca huko Kanada. Motoni hutiwa chakula alichokipenda mtu akiwa hai. Kwa Modeste kilikuwa kimoja tu: ini la yule samaki mwenye unywele mmoja kidevuni.

Mwanawe Leon alirudi kutoka ziwani na samaki huyo ndani ya ndoo, keshapasuliwa.

"Tangu lini unampasulia mama yako samaki?"

"Nimekupunguzia kazi, mama."

"Ini liko wapi?"

Leon akajikuna shingo. "Mbwa wamelila."

"Mbwa wamefungwa tangu asubuhi. Lete, baba."

Akalitoa mfukoni, limeviringishwa kwenye gazeti. "Nilitaka nikalifukie."

Lilikuwa la kijivu, limejaa vipele vyeusi, linatoa ute unaonuka kama gereji. Alfonsine aliligusa kwa kijiti, mate yakamjaa, akageuka akatema. Ubavuni mwa samaki palikuwa pamekatwa kipande.

"Na hapa?"

"Kidonda. Nimekikata."

Kwenye sehemu ya juu ya mto unaomwaga maji ziwani, watu wa makampuni wanachimba mchanga wenye lami, wanauchemsha wapate mafuta ya magari. Maji machafu wanayaweka kwenye mabwawa makubwa, nayo yanavuja hadi mtoni. Leon huendesha lori huko, wiki mbili kazini, moja nyumbani.

"Choma tu, mama. Aliyekufa hachagui."

"Nani, baba yako? Aliyekuwa akirudisha chai kwa sababu ya kijiko?"

Leon akacheka kidogo, kisha akanuna. "Mnalilaumu lori langu. Na ile injini ya boti uliyonituma nayo inakunywa nini, maziwa?"

Alfonsine akajinusa vidole. Yeye ndiye aliyejaza tangi asubuhi. Mikono yake bado ilinuka petroli. Akaifuta kwenye aproni, harufu haikutoka. Hilo lilimchefua kuliko lile ini.

Akafanya ishara ya msalaba, akatia motoni kipande cha mkate na chai kidogo.

"Modeste," alisema, "leo ni mkate. Samaki yupo, lakini ameoza akiwa hai, na mimi siwezi kukulisha uchafu. Usimkasirikie mtoto peke yake. Petroli tunainunua sote, na mimi nimo."

Leon alivua kofia. Kisha akachukua koleo na ile ndoo, akaenda kuchimba mbali na mbwa.