Nilitoka Kujaribisha Gari, Nikarudi Nikiitwa Wifi

Nimewahi kwenda kumposea mwanaume niliyekuwa nimemfahamu kwa muda usiotosha hata kuchemsha chai.

Nilikuwa kazini. Nimevaa sare.

Mnaosoma huku mnakula, wekeni sahani pembeni kwanza. Mimi mwenyewe nikikumbuka, mate yanabadilika ladha.

Nilikuwa bado mgeni kwenye yadi moja ya magari yaliyotumika. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni ya mauzo, yale ya kusoma mtoto akiwa mgongoni na mwalimu anajifanya hamwoni. Nikapokelewa kwa majaribio. Bosi akiridhika, unaandikwa kazi ya kudumu. Asiporidhika, unarudi nyumbani na cheti chako.

Kwa hiyo bosi akisema ruka, mimi nilikuwa tayari hewani.

Kazi yangu ilikuwa kuosha magari, kupanga vibao vya bei na kutabasamu. Siku hiyo akaniita mbele ya wenzangu.

"Leo wewe ndiye utakayetoka na mteja. Kale kagari kadogo kekundu."

Jamani, moyo uliruka! Kutoka na mteja kujaribu gari ilikuwa kazi ya wauzaji waliokomaa. Utaratibu ulikuwa rahisi: mteja anaacha leseni ofisini, anashika usukani, mfanyakazi anakaa pembeni yake, mnafika mzunguko wa barabara kuu, mnageuza.

Na kigari chenyewe nilikipenda. Kidogo, cha petroli, hakina mkia, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu kama mtu anapiga miayo. Injini inanusa tu mafuta, hainywi. Nilikuwa nimekiosha kwa mikono yangu. Hata matundu ya kiyoyozi niliyapitishia mswaki.

Ndipo akaja mteja.

Marashi yake yalifika kwanza, yakasalimia, yakakaa, halafu yeye ndiye akatokea. Na chini ya marashi kulikuwa na jasho lililolala. Mchanganyiko ule ukikuingia puani unakaa hapo kama mpangaji sugu.

Nitamwita Marashi. Jina lake halina faida kwenu.

"Mrembo, wewe ndiye wangu leo?"

"Mimi ni wa gari, kaka."

Akacheka. Kwenye meno kulikuwa na vitu vya kijani ambavyo sikutaka kuvijua.

Akaingia. Akatoa chingamu mdomoni, akaibandika chini ya usukani.

Halafu akachukua ufunguo, akauingiza sikioni. Akakoroga. Akautoa, akauchungulia, akaufuta kwenye siti niliyoisugua asubuhi, ndipo akauchomeka kuwasha gari.

Nikameza mate. Mteja ni mfalme, ndivyo tulivyofundishwa darasani. Hakuna aliyetufundisha la kufanya mfalme akiwa nguruwe.

Tukaondoka. Kila akibadilisha gia, mkono wake ulikuwa unapotea njia na kuja kwenye goti langu.

"Kaka, gia iko huku."

"Samahani, nalizoea gari."

Nikaweka mkoba wangu katikati. Akaupapasa na mkoba.

Tulipofika kwenye mzunguko, hakugeuza.

"Kaka, hapa ndipo mwisho."

"Nataka nilisikie kwenye mlima. Au hamna uhakika na gari lenu?"

Akapanda mlima, akashuka, akaingia mtaa wa ndani wenye nyumba za mageti. Akasimama mbele ya geti moja la bluu, akapiga honi mfululizo.

Kisha akasema bila kunitazama, "Sikiliza. Wewe ni dada yangu, tumbo moja. Ukiulizwa, baba anaumwa ndiyo maana hajaja."

"Mimi ni mfanyakazi wa..."

"Nimpigie bosi wako, nimwambie umenitukana?"

Nikaiona kazi inaondoka. Nikamwona mwanangu, nepi, kodi ya nyumba. Geti likafunguka kabla sijapata la kujibu.

"Wifi!"

Msichana mmoja mwembamba, mwenye macho yanayocheka, akanikumbatia kabla sijaweka miguu yote chini. Nyuma yake akatoka mama yake, akakishika kigari kwenye bati la mlango taratibu, kama anayegusa shavu la mtoto.

"Hongera baba," akamwambia Marashi. "Gari zuri."

"Hili ni la kutembelea tu, mama. La safari nimelipeleka kupakwa rangi."

Mwongo hata hapepesi!

Sebuleni walikuwa wamejiandaa. Vitambaa vya viti vimepigwa pasi, vikombe ni vile vya kabatini. Marashi akatanua miguu kwenye kochi, akachukua biskuti tatu kwa mpigo, akatumbukiza zote kwenye chai, akazinyonya kwa sauti huku akieleza maisha yatakavyokuwa baada ya ndoa.

"Mke wangu hawezi kushinda maabara akipima mikojo ya watu. Ya nini? Mimi nipo."

Makombo yalikuwa yanaruka hadi kwenye meza.

Msichana akanigeukia, kwa sauti ya chini. "Wifi, nilikuwa nasomea maabara. Nimebakiza muhula mmoja tu. Lakini Jumatatu nakwenda kuaga chuoni. Kaka yako hapendi."

Nikarudisha kikombe mezani, chai imefika nusu.

Muhula mmoja! Mimi najua muhula mmoja ni nini. Mimi nimesoma na matiti yanauma.

Na kama vile nimeyaita, maziwa yakashuka. Ulikuwa wakati wa mwanangu kunyonya. Sare ikalowa mbele. Marashi akaona, akakunja pua, akasema mbele ya wote, "Wewe, mbona unatia kinyaa?"

Yeye! Mwenye sikio lile!

Mama wa msichana akainuka kwenye kiti. Alinishika mkono, akanipeleka chumbani kwake, akanipa taulo safi na kanga.

"Mtoto ana umri gani?"

"Ameanza kukaa, mama."

"Basi ndiyo anakuwa mlafi." Akatabasamu. "Na yule dada yako mwingine hajambo? Aliyekuja naye mara ya kwanza, na lile gari jeupe."

Nikasimama na taulo mkononi.

"Dada gani, mama?"

"Yule mrefu, mwenye mwanya."

Yule mrefu mwenye mwanya meza yake inatazamana na yangu ofisini. Na lile gari jeupe nililiosha mimi siku linauzwa.

Maana yake mwenzangu alikaa kwenye lile kochi, akaitwa wifi, akafuta mdomo, akaondoka.

Yule mama akafunga mlango.

"Nakuuliza kama mama mwenzangu. Huyu binti ndiye niliye naye peke yake. Kaka yako ni mtu mzuri?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe fupi, na kazi yangu ilikuwa imelalia juu yake.

"Mama, mimi si dada yake. Na gari si lake. Mimi nimetumwa kuliuza."

Akakaa kitandani. Akanyoosha shuka lililokuwa limenyooka tayari.

"Na chai yangu umekunywa."

"Nimekunywa, mama. Nisamehe."

"Haya. Jifunge hiyo kanga, twende."

Sebuleni akazungumza kama hakuna lililotokea. "Baba, kuna mzigo mdogo wa kumpelekea mgonjwa. Hebu tufungulie buti."

Marashi akatoka kifua mbele. Akaingia kwenye gari, akavuta kitu, waipa zikaanza kupangusa kioo kikavu. Akavuta kingine, kifuniko cha tangi la mafuta kikachomoka. Akabonyeza, honi ikalia. Jasho likaanza kufufua ile harufu.

"Limeanza usumbufu," akasema.

"Dada yako atusaidie," mama akasema.

Nikaenda nyuma, nikaingiza vidole chini ya nembo, nikabonyeza. Mlango ukapanda juu wenyewe.

Ndani ya buti kulikuwa na kibao cha bei. Huwa tunakiondoa kwenye kioo wakati wa kujaribu gari na kukilaza humo. Maandishi makubwa mekundu: LINAUZWA. Na jina la yadi chini yake.

Msichana akasoma. Akasoma tena.

"Ni kichwa chake!" Marashi akaropoka, ananionyesha kidole. "Dada yangu tangu ajifungue hayuko sawa! Anaokota vibao barabarani anaweka kwenye magari ya watu!"

Nilidhani nimeshaona uchafu wake wote kule sikioni. Kumbe ule ulikuwa utangulizi.

Msichana hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Nilikukumbatia," akasema.

Halafu akaingia ndani. Yule mama akamfuata, akafunga geti mwenyewe, komeo kwa komeo.

Tukabaki nje, mimi na Marashi.

"Umeniharibia. Ingia tuondoke, utanikoma."

Ufunguo ulikuwa umechomekwa. Nikaketi kwenye siti ya dereva, nikazungushia karatasi laini kwenye ule ufunguo, nikawasha. Alipokuwa anazunguka kuja upande wa pili, nikabonyeza kufuli.

Nikamwacha anapiga kioo, midomo inacheza kama samaki.

Njiani nilikuwa na furaha, msinicheke. Niliamini bosi atanishika mkono. Nimeokoa gari, nimemfichua tapeli.

Nikamkuta amesimama mlangoni, simu mkononi.

"Umemwacha mteja wangu barabarani?"

"Bosi, yule si mteja! Anatumia magari yetu kudanganya..."

"Najua anachofanya."

Nikabaki nimeushika ufunguo na karatasi yake.

"Kila akipata mchumba anakuja hapa. Anatoa chochote, watu wanakula, gari linarudi zima. Nani ameumia?" Akasogea karibu, akashusha sauti kama baba mwema. "Kwani wewe ulidhani nimekuacha uwapite wauzaji wote hawa kwa sababu ya kile cheti? Una sura ya upole, ya dada wa mtu. Ukiingia kwenye nyumba, watu wanaamini."

Mwenye mwanya alikuwa anapaka kucha rangi. Hakuinua uso.

"Mpigie yule mama, mwambie mmegombana na kaka yako ukasema kwa hasira. Ukimaliza, kesho nakuandika kazi ya kudumu."

Kazi ya kudumu. Ile ile niliyoiomba hadi ndotoni. Ikawekwa mbele yangu kama biskuti iliyokwisha kunyonywa na mtu mwingine.

"Sipigi," nikasema.

"Basi usirudi."

Sikurudi.

Nyumbani mwanangu alininyooshea mikono tangu mlangoni. Sikumpokea. Mama mkwe akashangaa.

"Umechoka, mwanangu?"

"Nimechafuka, mama. Ngoja nioge kwanza."

Niliogea sabuni ya kufulia. Nikasugua shingo, goti, kifua. Nilipomchukua mtoto, akanyonya akiwa ameshika kidole changu kwa nguvu, nikalia kidogo, halafu nikaacha.

Mtauliza kwenye maoni kama yule msichana alirudi chuoni. Sijui. Namwombea kila Jumatatu. Mtauliza kama nimepata kazi. Bado, ila naitafuta, na cheti ninacho.

Ninachowaachia ni hiki, hasa ninyi dada zangu mnaoanza kazi. Mtu akikuchagua kwa sababu ya upole wako, usikimbilie kushukuru. Muulize kwanza upole huo anataka kwenda kuutumia kufanya nini.