Siku Niliyoizuia Helikopta Isitue

Mimi nina hasira za karibu, na siku ile zilinifaa. Nilikuwa muuguzi wa zahanati upande wa Malolo, na juu ya kazi hiyo nilipewa nyingine: kukagua uwanja wa shule kabla helikopta ya wagonjwa haijatua. Tulifundishwa Mikumi siku moja tu, tukarudi na redio ya upepo na fomu za ukaguzi. Wengi wetu tulizijaza mezani helikopta ikishaondoka, kila mstari "salama". Hata mimi nilifanya hivyo mara mbili, sikatai.

Mara ya tatu mvua ilikuwa imekata barabara, na jirani yangu alikuwa amejifungua asubuhi, damu haikomi. Nilimtundikia dripu, nikamwacha na mwenzangu, nikakimbilia uwanjani. Nikakuta wanawake wametandika kanga kutoka njiani hadi katikati ya uwanja, kama wanavyomtandikia bibi harusi, ili mgonjwa asipitishwe kwenye matope. Zilipendeza kweli. Lakini kanga moja tu ingerushwa na upepo wa helikopta na kunaswa na mapangaboi yake, tungezika watu wengi.

Rubani akauliza redioni kama uwanja uko salama. Tayari nilikuwa nausikia mlio.

"Hapana," nikamjibu. "Zunguka, usitue."

Mama mzazi wa mgonjwa, ambaye nampa shikamoo kila siku ya Mungu, akanishika mkono.

"Mwanangu akifa," alisema, "damu yake iko juu yako."

Niliogopa. Hata hivyo niliwafokea wale wanawake, wakubwa kwa wadogo, bila adabu hata chembe, nao wakazizoa kanga mbiombio huku wakinisema. Helikopta ilizunguka mara tatu. Nilipoona hakuna hata kitambaa kilichobaki, nikaruhusu itue. Mgonjwa alipakiwa akiwa bado anapumua, na alipona. Kwenye fomu niliandika "hapana", kanga uwanjani.

Baadaye mkaguzi wa usalama wa anga alituita Mikumi. Alikuwa na rundo la fomu zetu, akauliza nani aliyeandika "hapana". Nilisimama nikijua kazi imeisha. Akasema hiyo ndiyo fomu pekee iliyomweleza kitu. Tangu hapo fomu inajazwa uwanjani, rubani hatui bila kusikia sauti ya mtu aliye chini, na anayemzuia hagombezwi na bosi yeyote. Nilirudi nyumbani kifua mbele, na sioni haya kulisema.

Yule mama alininunia muda mrefu. Salamu yangu aliipokea kwa kutazama pembeni. Kisha helikopta ikaitwa tena kwa mgonjwa mwingine, nikafika uwanjani nikamkuta amenitangulia, mjukuu mgongoni, anawasogeza watu nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwambie rubani asubiri kwanza, kuna ng'ombe kule golini."