Juisi kwa Mawe ya Mlimani

Nilipanda mlimani kuomba mke, si kutafuta mawe. Goreti, mchumba wangu, alilelewa na bibi yake kwenye mlima unaoutazama mtaa wa Kibenga, kando ya ziwa, na bibi huyo alikuwa ametuma neno moja tu: mwanamume asiyepelekwa mbele ya mawe yao hamchukui mjukuu wake.

Asubuhi, mtaani kwetu Buyenzi, mafundi wa gereji walinicheka. "We na diplome yako yote, unaenda kusalimia mawe?" Nikacheka nao. Vita vilikuwa vimeifunga barabara ya kwenda huko kwa muda mrefu. Siku hiyo wanajeshi wa bariyeri, kizuizi cha barabarani, walituruhusu mimi na Goreti kupita, mradi turudi kabla ya jioni.

Baada ya Kibenga tuliacha gari, tukapanda kwa miguu kati ya migomba. Ziwa lilizidi kupanuka nyuma yetu. Nilimwuliza Goreti maswali mpaka akaniambia ninyamaze nipate pumzi.

Juu, bibi alikuwa akitungoja, na mawe yalisimama kwa duara, marefu kama watu.

"Nani aliyasimamisha?" nikamwuliza bibi.

"Tuliyakuta."

"Sasa munajuaje yana maana?"

"Baba ya babu yako ulimuona?"

"Apana."

"Na bado uko hapa unasumbua watu."

Goreti alicheka mpaka akakaa chini.

Bibi akanipa kibuyu cha juisi ya ndizi. "Si pombe, najua we Mwislamu. Na mawe hatuyaombi kitu. Ni mashahidi tu, wape wanywe." Kwa furaha nikamwaga haraka kwenye jiwe la kwanza. Bibi akaninyang'anya kibuyu.

"Unawapa bila kuonja? Kwetu anayetoa anaonja kwanza, watu wajue hakuna sumu. Mutu wa hivi simupi mutoto wangu!"

Nilitaka kuuliza kama jiwe hufa kwa sumu. Nikamtazama Goreti, hakuwa akicheka tena. Nikakiomba kibuyu kwa mikono miwili, nikanywa funda, nikamwagia jiwe. Nikaenda kwa la pili, nikaonja tena. Na la tatu.

"Inatosha kuonja, mkwe!" bibi akapaza sauti, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Mawe nayo yana kiu!"

Mkwe! Tulishuka tukikimbia kama watoto, tukafika bariyeri jua likingali juu.

Nani aliyasimamisha mawe yale, bado sijui. Lakini siku ya harusi, huko Buyenzi, katika miaka ile ya vita ambayo jirani aliogopa glasi ya jirani, nilionja juisi niliyomwekea bibi mbele ya watu wote, ndipo nikampa. Aliinywa yote, akaomba nyingine.