Nilikataa Kutasa, Akanivunja Mkono

Admin, ficha jina langu, na ile shule ya chekechea ninayofundisha usiitaje, maana nusu ya wazazi wa watoto wangu wako kwenye ukurasa huu. Nina miaka thelathini na tatu. Nimeolewa Mbololo mwaka wa saba huu na sina mtoto. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye plasta, kwa hivyo mnivumilie.

Mume wangu nitamwita Mwadime, si jina lake. Ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Voi. Miaka miwili ya kwanza alikuwa mtu wa kunichekesha hadi nashika mbavu. Mwaka wa tatu mama yake alianza kunihesabia wajukuu wa majirani, na mwaka huo huo nikaonja kofi la kwanza. Makofi yakawa ngumi. Jino langu la mbele ni la bandia, sasa mnajua. Siku aliponitoa lile la kwangu, kosa langu lilikuwa kuingia nyumbani na mtoto wa jirani mgongoni. "Unabeba watoto wa watu, wako wako wapi? Hiyo tumbo yako ni ya kuweka ugali peke yake?"

Na mimi nilikuwa nimepimwa, jamani. Damu, picha ya kizazi, dawa ikapitishwa kwenye mirija kuona kama imeziba. Kila kitu sawa. Daktari akaniambia, "Mama, siwezi kutibu nusu ya ndoa. Mlete mzee." Mwadime aligoma karibu mwaka mzima. Alikuja kukubali baada ya kunitoa lile jino, nadhani ni aibu ilimsukuma.

Majibu yakatoka: mbegu zake ni chache na hazina nguvu, kwa sababu ya mishipa ya damu iliyovimba kwenye korodani. Daktari hakumcheka. Alimweleza taratibu kwamba kuna upasuaji mdogo, halafu tungoje miezi kadhaa apimwe tena. Zisipoongezeka, kuna njia ya kuziweka mbegu moja kwa moja kwenye mfuko wa uzazi, na mwisho kabisa ile ya kurutubisha yai kwenye maabara. Apunguze pombe, aache sigara. "Usione haya," alimwambia. "Wanaume wengi wanayo hii na hawajui, wanawake zao ndio wanasemwa."

Tulipofika stendi Mwadime alinishika mkono, nikadhani anataka kulia. Akasema, "Nyumbani utasema ni wewe."

Nikakubali. Hapo nitukaneni, nastahili. Nilimpenda, na nilifikiri nikimfunikia aibu ataenda kwa upasuaji. Hakuenda. Mwaka mzima nikabeba jina la tasa ambalo si langu, na ngumi bado nikala. Mtu anakupiga kwa ugonjwa wake mwenyewe, na anajua!

Sasa, kwetu Wataita kuna kutasa. Unapiga funda la maji au pombe ya miwa, unalipuliza nje huku unasema umeitoa hasira yote moyoni na unawatakia wenzako amani. Wazee wanaamini hasira ya ndugu iliyofichwa inaweza kumfunga mtu asizae. Mama mkwe akasema za hospitali amezichoka, lazima kuna mtu kwa hii familia anaficha kitu. Jumapili moja tukitoka kanisani akatukusanya sebuleni. Baba mkwe akaanza, akapuliza maji mlangoni, akatuombea. Mama mkwe akafuata. Mwadime naye akapuliza, akasema moyo wake ni mweupe. Nilimtazama tu.

Kikombe kikanifikia. Nimelelewa kujua kwamba ukitasa huku umeficha hasira unawaharibia wote. Nikapiga funda, likakaa mdomoni, nikashindwa kulipuliza. Nikalimeza.

"Baba," nikamwambia mkwe wangu, "nina hasira, siwezi kutasa. Mwenye shida ni mwanao. Daktari alimwambia, na yeye akaniambia niseme ni mimi."

Sikumaliza. Mwadime alinyanyua kigoda, nikakinga kichwa, na mfupa wa mkono nikausikia ukilia kama kuni kavu. Akakiinua tena. Mkono wangu wa kushoto ukakuta birika la chai lililotoka jikoni saa hiyo. Nilimmwagia shingoni. Akaanguka akipiga mayowe, na akiwa chini nikampiga na lile birika. Mara mbili. Siri ninayowaletea ndiyo hii: nilifurahi. Kama baba mkwe hangenivuta nje, sijui ningefikisha ngapi. Mama mkwe alikuwa anapiga kelele, "Ameniulia mtoto!" Mzee akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nenda kwa baba yako kwanza."

Niko Rukanga kwa baba yangu sasa. Baba anataka twende polisi. Mama ananikumbusha umri. Wiki jana Mwadime alinipigia simu, sauti yake ndogo: "Nimefanyiwa ile operesheni. Daktari anasema kuna matumaini. Rudi tujaribu, naapa sitakugusa tena." Nililia, sitawadanganya. Nataka mtoto mpaka maziwa ya wanaonyonyesha yananinukia njiani. Lakini mlango ukisukumwa kwa nguvu bado nakinga kichwa, hata hapa kwetu. Na nikikumbuka lile birika najiogopa hata mimi.

Jumamosi familia mbili zinakutana, na baba mkwe ametuma ujumbe kwamba tutaanza kwa kutasa. Kikombe kitanifikia tena. Nyinyi mliowahi kupitia haya, nisaidieni mawazo kabla siku haijafika: nipulize nirudi, au nimeze tena?