Tabea na Mwanga Usiowaka

Tangu dada yake Lidia afe kwa saratani ya titi, Tabea alikuwa akijipapasa matiti kila anapooga. Asubuhi moja ya baridi, nyumbani kwake Makambako, vidole vikagusa kitu kigumu kama punje ya hindi. Hakumaliza kuoga.

Kesho yake alikuwa hospitalini Njombe na mumewe Enoki, mpasua mbao. Daktari alichukua kinyama kidogo cha kupima kutoka kwenye uvimbe. Kabla hawajaondoka, mtafiti kijana aitwaye Nelly akamsalimia kwa Kibena, "Kamwene," akaomba sehemu ya kinyama hicho kwa utafiti wake.

"Tunatengeneza vifaa kwa DNA, ileile iliyomo mwilini mwako," alisema. "Ni vidogo mno, vinaingia ndani ya seli ikiwa bado hai. Vikikuta alama ya saratani, vinafunguka na kutoa mwanga. Tunauona kwa hadubini."

"Kwa hiyo nitajua mapema?"

"Hapana, mama. Bado ni majaribio. Majibu yako utapewa na daktari."

Tabea alikubali, lakini ule mwanga ukamganda kichwani. Yeye ni fundi cherehani. Wiki ile aliweka mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia, akafumua, akakosea tena. Akampigia Nelly simu.

"Niambie tu. Vimewaka?"

Nelly akanyamaza kidogo. "Siwezi kukuambia, mama. Msubiri daktari."

Ule ukimya Tabea aliuchukua kuwa ndiyo. Hakungoja daktari amwite; akajiandaa kwenda Njombe.

"Mama Jenifa, tulia kwanza," Enoki alisema, huku naye akivaa koti.

Majibu yalikuwa tayari. Ilikuwa saratani, ila changa, haijasambaa. Akafanyiwa upasuaji.

Alipoanza kupata nguvu, Nelly alikuja wodini na picha kwenye simu. "Sasa matibabu yako yameshaamuliwa, naweza kukuonyesha."

Tabea alitazama. Giza tupu.

"Mwanga uko wapi?"

"Haukuwaka. Saratani ilikuwepo, vifaa vikakaa kimya. Alama tuliyoitafuta, saratani yako haina."

Tabea akarudisha simu. "Ungeniambia havikuwaka, ningebaki kwenye cherehani yangu."

"Ndiyo maana sikukuambia."

"Muuza dawa mmoja alimwambia Lidia ni jipu tu. Akatulia."

Nelly akaiweka simu mfukoni. Baadaye akauliza kama anaweza kujaribu alama nyingine kwenye seli zilizobaki.

"Jaribu," Tabea alisema. "Lakini mwingine akikupigia simu kama mimi, naye usimwambie."

Sasa Tabea amerudi kwenye ushonaji. Hata hivyo, siku ya kliniki ikikaribia, hufungua duka na kulifunga palepale. Juzi binti yake Jenifa alimuuliza, "Mama, si walisema umepona?"

"Walisema wanaendelea kunichunguza," Tabea alijibu. "Vaa sweta twende kliniki. Na wewe unapimwa leo."